"Mimi Sikuambiwa": Ripoti Ilitumwa, Mdau Hakupata Habari

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasimamia mradi wa miezi kumi na mmoja wa kuhamisha kumbukumbu za taasisi yetu kutoka kwenye majalada na faili za Excel kwenda kwenye mfumo mmoja. Kila Ijumaa natuma ripoti ya kurasa sita kwa watu 43, na tuna kundi la WhatsApp. Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kamati, mkuu wa idara ya fedha alisimama akasema hakuwahi kuambiwa kwamba mfumo utawashwa wiki ileile wanayofunga hesabu za mwaka. Habari hiyo imo kwenye jedwali la ratiba katika ripoti tatu mfululizo ("uwashaji wa mfumo: wiki ya 31"). Nilitoka nimedhalilika. Sasa bosi anataka niandike mpango wa mawasiliano. Niongeze ripoti? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Kabla sijafika kwenye huo mpango, nianze na jambo ambalo huenda likakuuma: mimi naamini mkuu wa fedha alisema kweli. Alitumiwa habari, lakini hakuambiwa. Jambo linalomhusu lilikaa ndani ya jedwali, kwenye ukurasa ambao hana sababu ya kuufungua, likiwa limeandikwa kwa kalenda ya mradi. Wiki ya 31 unaijua wewe na timu yako. Yeye anajua tarehe. Na hakuna sentensi hata moja, katika ripoti zote tatu, iliyomwambia kwamba wiki ya 31 ndiyo ile wiki ambayo watu wake hawaondoki ofisini kabla ya usiku.

Kwa hiyo usirudi kwake na nakala za ripoti. Kishawishi hicho nakijua. Miaka mingi iliyopita nilisimamia kazi ya kuhamisha stoo ya vifaa, na mkuu wa idara mmoja akasema mbele ya mkurugenzi kwamba hajawahi kuarifiwa. Nilikuwa na barua pepe nne. Nilizichapa, nikapitisha kalamu ya njano kwenye kila sentensi yenye tarehe, nikaja nazo kikao kilichofuata na kuzipanga mezani mbele yake, moja moja, kama mtu anayegawa karata. Chumba kizima kikanyamaza. Alizisoma zote, akavua miwani, akasema, "Basi, kosa langu." Nilitoka pale nimeshinda. Miezi minne iliyofuata, kila fomu iliyohitaji saini yake ilirudi siku ya mwisho kabisa inayoruhusiwa, na kila moja ilikuwa na kitu kidogo cha kurekebisha. Hakuvunja kanuni hata moja. Tulichelewa wiki tano, na sikuwa na pa kulalamika.

Sasa swali lako. Usiongeze ripoti, punguza. Watu 43 peke yao, bila wewe, wana njia 903 za kuzungumza wao kwa wao (43 mara 42, gawa kwa mbili). Wewe una njia 43. Ukijaribu kushindana na njia 903 kwa wingi wa karatasi utashindwa, maana zile nyingine zinapita kwenye korido, kwenye lifti na kwenye simu za jioni, na hazihitaji mtu afungue kiambatisho. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba jambo linalomgusa mtu linamfikia kutoka kwako kabla halijamfikia kwa njia nyingine yoyote.

Chukua karatasi, andika yale majina 43. Mbele ya kila jina jibu maswali mawili. La kwanza: ninahitaji nini kutoka kwa mtu huyu? La pili: ni habari gani ambayo akiisikia kwa mtu mwingine atakasirika? Jibu kwa maneno kamili. "Ushirikiano" si jibu. "Saini yake kwenye orodha ya watumiaji kabla ya tarehe 10" ni jibu. "Mtu mmoja wa kuhakiki namba za malipo kwa siku sita" ni jibu. Na kwenye swali la pili usiandike "mabadiliko ya ratiba", andika "kwamba tumegusa wiki ya kufunga hesabu".

Utagundua mambo mawili. Watu kama ishirini na tano hivi hutapata cha kuandika mbele ya majina yao. Hao wanapokea ripoti kwa sababu mtu fulani, siku ya uzinduzi, alisema "nao tuwaweke kwenye orodha". Wapelekee ukurasa mmoja kwa mwezi, na hakuna atakayelalamika. Wengine watashukuru kimyakimya. Halafu utakuta watu sita au saba ambao majibu yao yanajaza nusu ukurasa kila mmoja. Hao ndio mawasiliano ya mradi wako, na nina hakika hadi leo umewapelekea ripoti ileile ya kurasa sita uliyompelekea kila mtu.

Kwenye kozi yoyote ya usimamizi wa miradi utafundishwa kuchora mraba wa vyumba vinne, nguvu ya mdau upande mmoja na hamu yake upande wa pili. Mchoro huo unahusishwa na mtafiti Aubrey Mendelow, na ni mzuri kwa kuanzia. Ubaya wake ni kwamba watu huuchora mara moja, wakaubandika kwenye waraka, wakausahau, ilhali wadau wanahama chumba. Mkuu wako wa fedha miezi mitano iliyopita alikuwa na nguvu nyingi na hamu ndogo, na pengine ulimweka sawasawa. Siku tarehe ilipogusa hesabu zake alihama, nawe hukuona. Mwaka 1997 Ronald Mitchell, Bradley Agle na Donna Wood walipendekeza kupima mdau kwa mambo matatu: nguvu, uhalali wa dai lake, na uharaka. Huo uharaka ndio unaobadilika usiku mmoja, na ndio ninaokushauri uukague kila mara unapogusa ratiba. Kila tarehe ikisogezwa, hata kwa siku mbili, pitia karatasi yako na uulize: hii imemharakisha nani?

Na upande wa wasio na vyeo je? R. Edward Freeman, ambaye kazi yake ya mwaka 1984 ndiyo iliyolipatia neno hili la wadau uzito katika mambo ya uongozi, alimweleza mdau kama yeyote anayeweza kuathiri malengo ya taasisi au kuathiriwa nayo. Sisi mameneja huikumbuka nusu ya kwanza na kuimeza ya pili. Mwaka 1995 kampuni ya Shell ilikuwa na kibali halali cha serikali ya Uingereza cha kulizamisha baharini tangi lake la kuhifadhia mafuta, Brent Spar. Kwenye mraba wa vyumba vinne kila mwenye saini alikuwa amekubali. Wanaharakati wa mazingira wa Greenpeace walilipanda lile tangi mwishoni mwa Aprili, madereva wa Ujerumani wakaanza kususia vituo vya mafuta vya kampuni hiyo, na tarehe 20 Juni mpango ukaachwa. La kushangaza ni kwamba baadaye mwaka uleule Greenpeace ilikiri kwamba makadirio yake ya mafuta yaliyobaki ndani ya tangi hayakuwa sahihi, ikaomba radhi. Lakini kibali kilikuwa kimeshakufa. Kuwa na hoja sahihi mbele ya mtu ambaye hukuzungumza naye mapema hakusaidii sana, kama nilivyojifunza kwa kalamu yangu ya njano.

Kwako wewe hakuna wanaharakati. Kuna karani wa masjala. Sijui kama yumo kwenye wale 43. Kwa uzoefu wangu hayumo. Huyu ndiye anayejua kwamba jalada moja lina namba mbili kwa sababu mwaka fulani masjala ilibadili utaratibu, kwamba kuna kabati halijafunguliwa tangu aliyekuwa na ufunguo astaafu, na kwamba idara mbili hutumia jina moja kwa maana tofauti. Hatakuja kikaoni kukuambia, kwa sababu hajaalikwa, na pia kwa sababu anaamini mfumo wako umekuja kumnyang'anya kazi. Mfuate. Kaa naye nusu saa kwenye dawati lake, simu ikiwa mfukoni, umwombe akuonyeshe jalada moja linalomsumbua. Kama kazi yake itabadilika, mwambie itabadilikaje, na kama hujui bado, mwambie lini utajua. Nusu saa hiyo imewahi kuniokolea mwezi mzima wa kusafisha data.

Nije kwenye ripoti yenyewe. Uliniambatishia moja, na sentensi yake ya kwanza ni hii: "Zoezi la uhamishaji wa data linaendelea vizuri licha ya changamoto chache ambazo zinaendelea kushughulikiwa." Nina ugomvi wa muda mrefu na neno changamoto. Zamani lilikuwa na kazi yake. Siku hizi ofisini ni shuka tunayofunikia kila kitu, kuanzia printa iliyoishiwa wino hadi mkandarasi aliyetoroka. Msomaji mwenye kazi nyingi akiona "changamoto chache zinashughulikiwa" anasikia "hakuna kinachonihusu hapa", anafunga. Ndugu zake ni "mchakato unaendelea", "tuko hatua za mwisho" na "kwa kiasi kikubwa". Yote ni maneno ya adabu ya kutosema kitu.

Nilipitia jedwali lako la ukurasa wa tano, nikatoa humo tarakimu, nikaiandika sentensi hiyo upya:

"Uhamishaji wa data umechelewa siku 9. Rekodi 4,200 kati ya 31,000 zina namba zinazojirudia na haziwezi kuingizwa hadi zihakikiwe. Tarehe ya kuwasha mfumo bado inawezekana iwapo Idara ya Fedha itatupa mtu mmoja wa kuhakiki kuanzia Jumatatu. Asipopatikana hadi Ijumaa hii, uwashaji utasogea wiki mbili."

Angalia kilichobadilika. Urefu umeongezeka, na sijali. Kuna jina la idara, kuna siku, na kuna kitakachotokea kama hakuna atakayefanya lolote. Mkuu wa fedha akiisoma hii hawezi kupita. Hata asipokubali, atakupigia simu, na simu hiyo ndiyo unayoitaka.

Weka maneno ya aina hiyo mwanzoni kabisa, kabla ya nembo ikibidi: nini kimebadilika tangu wiki jana, nani anatakiwa kufanya nini na lini, nini kinaweza kutuharibia. Mengine yote, majedwali, asilimia, picha za mafunzo, yaende mwisho au yakae kwenye folda ya pamoja kwa anayeyataka. Na zile rangi za kijani, njano na nyekundu, zitumie kwa uangalifu. Wenye kazi hii huiita ripoti ya namna fulani tikiti maji: kijani nje, ukilipasua ni jekundu tupu. Kawaida hakuna mtu mmoja anayedanganya. Fundi anasema "kuna shida ndogo", kiongozi wa timu anaandika njano, wewe unaona mna wiki tatu bado unaipaka kijani kibichi, na bosi anamwambia mkurugenzi mambo yako shwari. Dawa yake ni kuandika pembeni ya kila rangi sababu moja inayohesabika. Kijani bila namba usiikubali hata kutoka kwako mwenyewe.

Kundi la WhatsApp liache lilivyo, kwa ratiba za vikao, mafundi wamefika, mtandao umekatika. Lisiwe mahali pa uamuzi wala pa habari nzito. Tiki mbili za buluu zinaonyesha kwamba ujumbe ulifunguliwa, pengine na mtu aliyekuwa anatafuta picha ya jana, na ujumbe uliotumwa saa tatu asubuhi, kufika saa nne uko chini ya salamu kumi na mbili na video mbili.

Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote: habari mbaya. Wanasaikolojia Sidney Rosen na Abraham Tesser waliandika mwaka 1970 kuhusu tabia ya watu kumeza habari mbaya wasimfikishie mhusika, hata pale ambapo wao hawana hatia yoyote. Tunaogopa kuwa uso ambao mtu atauhusisha na maumivu yake. Kwenye mradi woga huo huvaa nguo za heshima: "Ngoja kwanza tupate suluhisho ndipo tumwambie." Inasikika kama uwajibikaji. Lakini kila siku unayongoja unamnyang'anya mwenzako siku ya kujipanga. Uwanja mpya wa ndege wa Berlin ulipangwa kufunguliwa tarehe 3 Juni 2012. Tangazo kwamba hautafunguliwa lilitolewa tarehe 8 Mei, zikiwa zimebaki chini ya wiki nne, mashirika ya ndege na wenye maduka wakiwa wameshajipanga kuhamia. Mfumo wa kuzuia moto haukuwa tayari, na mfumo wa aina hiyo hauharibiki ndani ya wiki moja. Kuna watu walijua. Uwanja ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020.

Desturi yangu ni hii. Nikijua jambo litakalomgusa mdau mzito, na nina uhakika wa nusu tu, nampigia simu siku hiyohiyo. Nasema mambo matatu: kilichotokea, kinavyoweza kukugusa wewe, na lini nitakurudia na jibu kamili. "Mzee, tumekuta rekodi nyingi zenye namba zinazojirudia. Inawezekana tukasogea wiki mbili, na najua wiki mbili hizo zinaweza kukukuta kwenye hesabu zako. Alhamisi saa nane nitakuwa na jibu, nitakupigia." Dakika mbili. Hajafurahi, lakini hajashtuka, na ikifika Alhamisi saa nane hakikisha unapiga, hata kama jibu bado hujalipata. Nimeona wadau wakisamehe ucheleweshaji wa miezi. Sijaona anayesamehe kuchekwa kikaoni kwa kutojua jambo ambalo msaidizi wake alilijua.

Kuhusu kikao chenyewe: kamati isiwe mahali pa kusikia jambo zito kwa mara ya kwanza. Siku mbili kabla, zungumza na kila mmoja ambaye ajenda inamgusa, mmoja mmoja. Anza na mfadhili wa mradi, yaani yule kiongozi mwenye neno la mwisho juu ya mradi, maana yeye akishtukizwa huna mtu wa kukukingia. Wapo watakaosema huku ni kupika maamuzi pembeni. Ungekuwa unaomba kura, ningekubaliana nao. Wewe unawapa watu muda wa kufikiri kabla ya kutakiwa kusema mbele ya wenzao, na mtu aliyepewa muda hupinga kwa hoja. Asiyepewa hupinga kwa sauti.

Sasa jihadhari na "ndiyo". Lugha yetu ina ndiyo nyingi. Kuna "sawa" inayomaanisha nimekubali, na "sawa" inayomaanisha nimesikia, ondoka. Kuna "hakuna shida", "tutaliangalia", "nimekupata", na ile "haya" ndefu inayotolewa na mtu anayetazama saa. Kwa mkubwa wako huwezi kuuliza "umeelewa?", ni kukosa adabu. Uliza kinachofuata: "Kwa hiyo upande wako nani atakuja Jumatatu, nimwandalie kompyuta?" Kama ndiyo ilikuwa ya kweli, jina litatoka. Kama haikuwa, utasikia kigugumizi, na umekipata mapema.

Halafu andika. Baada ya kila mazungumzo yenye uamuzi, kabla siku haijaisha, tuma ujumbe wa mistari mitatu: tumekubaliana hivi, nani anafanya nini, lini, kama nimekosea naomba unirekebishe. Usiutume kwa lugha ya mtu anayekusanya ushahidi. Maamuzi hayo yaingize kwenye daftari moja la maamuzi lenye tarehe, uamuzi, aliyeamua na sababu. Hiyo safu ya sababu watu huiruka, na ndiyo utakayoihitaji mwezi wa tisa, atakapokuja mkuu mpya na kuuliza mambo haya yaliamuliwa na nani na kwa akili gani.

Wasiwasi nao una mahali pake rasmi. Chombo cha angani cha Mars Climate Orbiter, cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilipotea Septemba 1999. Sababu iliyojulikana dunia nzima ni vipimo: programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa mfumo wa pauni, upande wa pili ukazisoma kama nyutoni. Kisichosimuliwa sana ni kwamba waliokuwa wakifuatilia njia ya chombo walikuwa wameona kuna kitu hakikai sawa, wakakizungumza kwa njia zisizo rasmi, bila kukifikisha kwenye utaratibu uliowekwa wa kuripoti kasoro. Kwako: fundi akikunong'oneza koridoni, muulize kama uingize kwenye orodha ya vihatarishi leo, na umwonyeshe kwamba umeingiza. Asipouona wasiwasi wake umeandikwa hatakunong'oneza tena.

Jambo moja ambalo hukuuliza, ila nimeliona kati ya mistari ya ripoti yako: mkuu wa fedha na mkuu wa TEHAMA hawapatani, nawe umegeuka tarishi. Huyu anakuambia umwambie yule. Acha. Kila ujumbe unaoubeba unabadilika kidogo mdomoni mwako, na ukiharibika wewe ndiye uliyeuharibu. Waketishe wote wawili dakika ishirini, swali moja mezani, mfadhili akiwa anajua. Wakishindwa kukubaliana, andika misimamo yote miwili kwa usawa, kila mmoja akiridhika kwamba wa kwake umeandikwa alivyosema, umpelekee mfadhili aamue.

Na mpango wa mawasiliano anaoutaka bosi? Utakaa kwenye ukurasa mmoja. Ile karatasi yako ya maswali mawili ukiipanga kwenye jedwali umeshamaliza: nani, tunahitaji nini kwake, anahitaji kujua nini, kwa njia gani, mara ngapi, na nani kwenye timu anawajibika kumfikia. Ongeza mstari mmoja unaosema nani anaruhusiwa kuzungumza na watu wa nje. Kwenye njia, waulize wenyewe. Mmoja atakuambia hasomi barua pepe ndefu, nipigie, na umepata jibu ambalo usingelibuni. Tahadhari ndogo: jedwali lenye safu ya pili, ya kile unachohitaji kwake, lisambae ndani ya timu tu. Sijawahi kuona mdau aliyefurahia kujisoma kwenye orodha kama "mgumu, ahudumiwe kwa karibu". Usiahidi ripoti ya kila wiki kama huna habari ya kila wiki. Ipitie karatasi kila mwanzo wa hatua mpya na kila mtu anapohamishwa cheo.

Turudi kwa mkuu wa fedha, maana yeye hawezi kusubiri mpango. Nenda ofisini kwake kabla ya Jumatano, peke yako, bila kompyuta. Mwambie: "Tarehe ile niliiandika kwa namna ambayo usingeweza kuiona, na sikufikiria hesabu zako. Nimekuja kusikia wiki hiyo inakuwaje kwenu." Kisha nyamaza. Mwache akuhesabie siku: lini wanasimamisha malipo, lini wakaguzi wanafika, siku gani hawawezi hata kushika simu. Andika anachosema, kwa kalamu, akuone unaandika.

Ukishajua siku zake, utakuwa na njia mbili au tatu mkononi. Kusogeza uwashaji wote wiki mbili. Kuwasha idara nyingine kwanza na fedha wafuate. Au kubaki na tarehe na kumwongezea watu wiki hiyo. Kila moja ina gharama, na gharama zote haziangukii kwake. Kuchagua siyo kazi yako wala yake, ni ya mfadhili. Usimwahidi chochote pale ofisini, hata akikubembeleza. Muulize anapendelea ipi na kwa nini, kisha jioni hiyohiyo mwandikie:

"Ahsante kwa muda wako. Nimeelewa kwamba kuanzia tarehe 24 hadi tarehe 3 idara yako haiwezi kupokea mfumo mpya wala kutoa mtu. Ijumaa nitampelekea mfadhili njia tatu pamoja na maoni yako kama ulivyoyasema. Kabla sijazituma nitakuletea uzisome. Kama kuna tarehe niliyokosea hapo juu, naomba unirekebishe."

Akirekebisha tarehe moja, hata kwa mkato na bila salamu, ameshaingia kwenye mradi. Asipojibu hadi Alhamisi mchana, usimtumie tena. Mpigie.